Mstari wa Mulamula

Adventina aliuona msalaba kabla hajaiona nyumba yake.

Bodaboda aliyempakia kutoka Omurushaka alikuwa anakata kona ya mwisho, pale ambapo barabara ya Nyabiyonza inapanda kidogo na mabati ya watu yanaanza kuonekana katikati ya migomba. Msalaba ulikuwa wa mbao mbichi. Chini yake lilikuwepo tuta la udongo mwekundu, na juu ya tuta maua yaliyokwisha kunyauka. Kaburi peke yake lisingemshtua, maana watu hufa na huzikwa. Kilichomshtua ni mahali. Tuta lilikuwa ndani ya kibanja chake, kwenye kile kipande ambacho marehemu mumewe, Cleophace, alimwonyesha mtoto wao Novatus kwa kidole na kumwambia, hapa ndipo utakapojenga.

"Simama," alimwambia dereva.

"Mama, hatujafika."

"Simama hapa hapa."

Alishuka, akaegemea pikipiki kwanza. Kisha akasogea, akasoma jina lililoandikwa kwa rangi nyeusi. Immaculata. Akalisoma tena. Dereva alimwekea mkoba wake chini, akamtazama, akaona hapa si mahali pa kuuliza maswali, akageuza pikipiki.

Kwamba Immaculata amefariki, hilo Adventina alilijua. Siku tano nyuma alikuwa Kibingo, upande wa Kyerwa, akimuuguza binti yake Evangelina aliyejifungua kwa kupasuliwa, ndipo Celestin, mume wa Immaculata, akampigia simu. Kifua kilimbana jioni, alisema, na kabla hawajapata gari akawa ameondoka. Adventina alilia pale pale kwenye benchi la wodi, kitoto kichanga kikiwa mapajani mwake. Angeondokaje, na binti hawezi hata kugeuka kitandani? Celestin akamwambia asihangaike, wanamzika kesho yake asubuhi. "Tunamzika hapa nyumbani," alisema. Na Adventina, kwa uchungu wake, hakujiuliza nyumbani ni wapi, wakati alijua kuliko mtu yeyote kwamba Celestin hakuwa na ardhi hata ya kuzika kuku.

Celestin na Immaculata walikuwa watoto wa watu waliotoka Burundi zamani. Wao wenyewe walizaliwa huku huku, wakabatizwa huku na kuoana huku, ila ardhi hawakuipata. Walikaa kwenye nyumba ya udongo upande wa pili wa mpaka wa kibanja cha Adventina, ndani ya shamba la mzee Kahigi, wakimtunzia kahawa yake kwa miaka kumi na moja. Mzee alipofariki, wanawe walikuja kutoka mjini na viatu vyao vinavyong'aa, wakasema kaeni tu, palilieni tu, lakini jambo moja hatulitaki: asizikwe mtu humu. Hawakuwa wajinga. Kaburi huku ni hati. Ulipomlaza mtu wako, hakuna wa kukuondoa kirahisi. Tangu siku hiyo Immaculata, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, alikuwa anajua kwamba ana mahali pa kulala akiwa hai na hana mahali pa kulala akifa. Hakuwahi kulalamika. Mara moja tu alimwambia Adventina, wakiwa wanajaza udongo kwenye vifuko vya miche, kwamba mtu anaweza kuchoka hata kabla hajafa kwa kufikiri atakapowekwa.

Wanawake hao wawili waliunganishwa na matawi. Adventina alipofiwa, alianza na waridi moja la uani, akakata vijiti, akavichomeka, vikaota. Wivu wa majirani ukamwambia kwamba amefanya la maana. Kwa miaka saba sasa alikuwa na kitalu kando ya barabara, chini ya kivuli cha nyasi alichokijenga mwenyewe, karibu na bomba: waridi, bogenvilia, krotoni za rangi zote, na mulamula. Alikata tawi la unene wa penseli, chini kidogo ya kifundo, kisu kikiwa kimepitishwa motoni. Aliondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, akachovya kidonda kwenye utomvu wa mshubiri, akachomeka kwenye kiriba cha plastiki chenye mchanga na samadi iliyooza vizuri, akafunika kwa mfuko mweupe wa plastiki ili kijiti kisikauke. Kisha kungoja. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi hushindwa, kwa sababu hufukua kila siku kuangalia kama mizizi imetoka. Immaculata, aliyemsaidia kitaluni, hakufukua. Alikuwa na mkono. Kijiti alichochomeka yeye kiliota hata kama kilitoka kwenye tawi ambalo Adventina alikwisha kulitupa, na Adventina alikuwa akimtania kwamba siku moja atachomeka kijiko nacho kitachipua.

Na hapa ndipo penye upuuzi wa jambo lote, wala hakuna wa kumtetea Adventina.

Mwaka juzi mwenye nyumba moja ya wageni huko Kayanga aliagiza miche arobaini ya mulamula, aipange kando ya njia ya magari. Miche ikaota, ikakua, mizizi ikatoboa viriba, na yule bwana akaghairi. Miche ya namna hiyo ukiiacha ndani ya viriba inakufa. Adventina akatafuta mahali penye udongo laini aipande ingojee mteja mwingine, akaona kipande cha Novatus kimekaa bure. Akavuta kamba. Yeye ni mkulima wa kahawa, hajui kupanda kitu bila kamba. Akapanda miche arobaini kwa mstari mmoja ulionyooka kama rula, hatua kumi na tano kutoka mpaka wa shamba la Kahigi, ndani ya kibanja chake, kuanzia juu barabarani hadi chini kwenye kijito. Immaculata na Celestin walimsaidia. Nolasco, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa anapita, akasimama, akashindilia miche miwili kwa kisigino chake. Kazi ilipoisha, Adventina akatoa dumu la lubisi, pombe ya ndizi, watu wanne wakanywa wamesimama.

Kila mtoto wa Kinyambo anajua mulamula ni nini. Adventina mwenyewe alifundishwa na bibi yake kabla hajajua kusoma. Ni mti wa mpaka. Hupandwa mbele ya watu, watu wakanywa, na kuanzia siku hiyo hakuna mwenye akili timamu anayeung'oa. Lakini alikuwa amekwisha kuuza mulamula kwa shule, kwa parokia, kwa watu wanaoupanda ndani ya ndoo na kuuweka sebuleni, na muuza nyama akimwona ng'ombe huona kilo. Immaculata ndiye aliyejaribu. Alisimama mwisho wa mstari, akautazama kuanzia chini hadi juu, akauliza taratibu, "Mama Novatus, watu watakaouona mstari huu watasemaje?"

"Waseme wanavyotaka," Adventina alijibu, akacheka, akaenda kunawa mikono.

Sasa alikuwa amesimama juu ya maneno yake mwenyewe. Upande wa kushoto ulikuwepo mpaka wa zamani, mulamula mikubwa ya enzi za baba mkwe. Upande wa kulia ulikuwepo mstari wake, mzuri, umekwisha kumpita kimo, hakuna hata mche mmoja uliokufa. Katikati kipande kilichofungwa pande mbili, kama kiwanja alichokatiwa mtu. Na katikati ya kipande, kaburi. Kwa mara ya kwanza aliuona mstari ule kama kijiji kizima kilivyouona kwa muda wa mwaka na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, kwa sababu kitu kilicho wazi hakiulizwi.

Celestin alimkuta pale pale. Alikuja na koti lake la msibani, na nyuma yake binti yake Dusabe, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa na macho mekundu. Adventina alifungua mdomo atoe pole, na labda aulize. Hakuwahi. Celestin alipiga magoti kwenye udongo.

"Shikamoo, Mama Novatus."

"Marahaba. Simama, Baba Dusabe. Unafanya nini?"

"Niache nikushukuru," alisema. "Wanaume wa kitongoji waliponiuliza wachimbe wapi, nilishindwa kujibu. Nilikuwa nafikiria kumwomba padre nafasi kwenye makaburi ya parokia. Nolasco akaniambia, unahangaika nini na wewe umeshakatiwa? Mpaka si huo hapo? Wakaja wakachimba. Hakuna aliyebisha."

Adventina aliutazama mstari.

"Mimi nilimuuliza Immaculata siku ile ile ya kupanda," Celestin aliendelea. "Nikamwambia, mbona mama huyu hajatuambia kitu? Akasema mtu wa namna yake hasemi, anapanda. Kuanzia hapo akawa analala usingizi. Miaka yote sijawahi kumwona akilala hivyo."

Kama angemtukana, ingekuwa nafuu. Adventina alimshika mkono amwinue, akasema, "Pole, bojo, ndugu yangu," akaingia ndani na mkoba wake, akakaa kwenye kitanda bila kuvua viatu. Alikuwa amepigwa na butwaa kiasi kwamba alisahau hata kulia. Rafiki yake amelala kwa amani mwaka mzima kwa sababu ya miche iliyokosa mteja. Na Novatus anakuja Jumamosi kuweka msingi.

Novatus alikuwa fundi ujenzi Omurushaka, mwanaume wa miaka thelathini na miwili, mwenye mke na watoto wawili ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Mawe ya msingi alikuwa amekwisha kuyashusha kando ya barabara. Alipofika na kuliona kaburi, hakupiga kelele, na hilo lilimtisha mama yake zaidi. Alizunguka tuta mara moja, akarudi, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama, ulimpa?"

"Sikumpa."

"Basi waseme wamekosea, wamhamishe."

"Novatus, mtu hahamishwi kama kabati."

"Baba alinionyesha hapa. Ulikuwepo. Nimekaa chumba kimoja miaka sita nikinunua jiwe moja moja, kwa sababu nina hapa." Akayaonyesha mawe kwa kidole. "Mimi sitaki kumwonea Celestin. Nataka useme ukweli mbele ya watu. Ukisema ulimpa, nitaondoka na sitakulaumu. Ukisema hukumpa, nitaomba kibali cha mahakama."

Hapo Adventina alinaswa sawasawa. Akisema ukweli, Immaculata anafukuliwa. Akisema uongo, anamnyang'anya mwanawe alichopewa na baba yake. Usiku ule hakupata usingizi.

Walikutana Jumapili baada ya misa, kaburini, watu kama ishirini, wengine wakiwa na vitabu vya nyimbo mkononi. Nolasco alifungua kwa sala fupi na maneno marefu. Alisema yeye haelewi kikao ni cha nini. Mpaka ulipandwa mchana, mbele ya watu, na lubisi ilinywewa.

"Mimi mwenyewe nimeshindilia miwili kwa kisigino hiki," alisema, akakionyesha. "Kama haukuwa mpaka, nilikuwa nafanya nini pale? Nilikuwa nacheza?"

Watu wachache walicheka, wakajirudi walipokumbuka walipo. Wengi waliitikia kwa kichwa. Mzee mmoja aliuliza ni lini mtu mzima aliwahi kupanda mulamula kwa kamba, kutoka barabarani hadi kijitoni, kisha akasema ni maua. Mwingine akasema hata wachawi hawakuwahi kufanya hivyo.

"Mama Novatus," Nolasco alisema, "sema wewe. Ulimpa, hukumpa?"

Adventina alisimama. Alimwona Novatus amekunja mikono, na Celestin amesimama na koti lake, uso wake mtulivu kabisa, uso wa mtu anayesubiri kusikia jambo analolijua tayari. Utulivu ule ulimuumiza. Lakini uongo ulimkataa. Hakuwahi kumdanganya Immaculata alipokuwa hai, akaona hawezi kuanza sasa, amelala pale hatua mbili kutoka miguuni mwake.

"Niliotesha miche," alisema. "Mteja alikataa kuichukua, nikaipanda hapa isife. Sikupima mpaka. Immaculata hakuniomba kipande, na mimi sikumpa. Aliniuliza watu watasemaje, nikacheka. Ndiyo yote. Naona aibu."

Nolasco alitazama kisigino chake. Mwanamke mmoja nyuma alinong'ona kwa mshangao, "Waitu," akaziba mdomo.

Celestin alivua koti, akalikunja vizuri, akampa Dusabe alishike. Akatembea hadi nyumbani kwake na watu wote wakimtazama, akarudi na jembe begani. Wengi walidhani anakwenda kung'oa mulamula kwa hasira, na mzee mmoja akanyanyuka amzuie. Hakuusogelea kabisa mstari. Akasimama ubavuni mwa tuta, akafanya ishara ya msalaba, akainua jembe na kulishusha kwenye kaburi la mke wake.

Pigo la pili lilileta bonge zima la udongo, na shada la maua likaporomoka.

"Celestin," Nolasco alisema, "kaburi halifukuliwi bila kibali."

"Mwenyekiti, nimeishi hapa miaka arobaini na nne sijachukua kitu cha mtu," Celestin alisema bila kugeuka. "Mke wangu hatalala kwenye kitu ambacho hakupewa."

"Basi ngoja tuzungumze."

"Tumeshazungumza."

Dusabe alikuwa ameufunika uso wake kwa koti la baba yake. Novatus, aliyeyataka haya kwa mdomo wake mwenyewe, mikono ilikuwa imemdondoka ubavuni. Alifikiri ni jambo la karatasi na mahakimu. Hakufikiri ni mtu mmoja na jembe, Jumapili, anamfukua mke wake na machozi yakimchuruzika hadi kidevuni bila hata kuyafuta. Hakuna aliyesogea. Hofu iliwashika wote, na aibu pia, kwa kuwa walichimba pale kwa pamoja na sasa alikuwa anafukua peke yake.

Adventina alikwenda. Hakukimbia. Alipanda juu ya tuta na kukaa, na gauni lake la misa, katikati kabisa, mahali ambapo jembe lilikuwa linakwenda kushuka. Wanawake waligutuka kwa pamoja. Kaburi halikaliwi; mtoto akifanya hivyo huchapwa. Jembe lilibaki juu.

"Ondoka, mama. Nitakuumiza."

"Fukia," Adventina alisema.

"Umesema hukumpa."

"Sikumpa. Nimesema kweli na sitaigeuza. Leo ndiyo nampa. Nolasco, shuhudia, na ninyi nyote mshuhudie. Kutoka mpaka wa baba mkwe hadi mstari wangu, juu hadi chini, ni kwa Immaculata na watu wake. Asitokee mtu kesho kuniuliza nilikuwa napanda nini."

Celestin alishusha jembe taratibu, akalilaza chini. Hapo ndipo Novatus aliposema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kuliko ya fundi.

"Na mimi je, mama?"

Adventina alimtazama. Alikuwa amekwisha kulifikiri hilo alipokuwa anapanda tuta, kwa hatua tatu tu, maana hakuwa na nyingine.

"Utajenga penye kitalu," alisema.

Watu waligeuka wote kutazama upande wa barabara. Pale palikuwa tambarare, palikuwa na bomba, na palikuwa na viriba mia sita chini ya kivuli, miaka saba ya kukata na kungoja. Kwingine kote kibanja kilikuwa kimeinama kuelekea kijitoni, na maji ilibidi yabebwe kichwani. Novatus alilijua hilo. Mama yake alilijua zaidi.

"Miche yako itakwenda wapi?" aliuliza.

"Sijui. Mawe yako yako barabarani tayari. Huna haja ya kuyabeba mbali."

Novatus alimtazama mama yake aliyekaa juu ya kaburi la mtu kama amekaa kwenye mkeka wake, akalitazama kaburi lililobomolewa ubavu mmoja. Kisha akageuka, akachukua panga lililokuwa limeegemezwa kwenye mgomba, akaelekea barabarani. Hakuna aliyejua anakwenda kufanya nini mpaka nguzo ya kwanza ya kivuli ilipoanguka.

Celestin alipiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa mikono, kwa sababu mama alikuwa bado amekaa na aliogopa kutumia jembe. Nolasco naye akapiga magoti. Kisha wanawake wawili, kisha yule mzee. Kule juu viriba vilianza kuburutwa, kimoja kikapasuka, kingine kikapasuka, nyasi za kivuli zikaporomoka zote kwa mkupuo, na kila mtu pale kaburini alisita kidogo kwa kila mlio.

Adventina hakugeuza kichwa. Alikaa pale pale, udongo ukimpanda mapajani, mpaka wote uliporudi.